Magamba Ndani ya Pumba: Uchambuzi wa Kisa cha Mzigo Uliozuiwa Kabla ya Tunduma

Mipaka ya uchambuzi huu

Kisa kinachochambuliwa hapa kinahusu mzigo wa magamba ya kakakuona, pamoja na kakakuona mmoja aliye hai, vilivyokamatwa katika barabara kuu ya kuelekea Tunduma vikiwa njiani kuvushwa kwenda Zambia. Majina ya watu, kijiji, kituo cha ukaguzi na mahakama yameondolewa, mwaka haukutajwa, na baadhi ya mambo madogo yamebadilishwa ili asipatikane wa kumtambua mtoa taarifa. Mfuatano wa matukio na makosa yaliyofanyika havikuguswa. Mimi niliingia kama mshauri wa waendesha mashtaka kuanzia asubuhi ya pili, kwa hiyo baadhi ya maamuzi ninayoyakosoa yalipita mbele yangu na sikuyazuia.

Ninaandika kwa ajili ya askari wa wanyamapori, wapelelezi na waendesha mashtaka wa Nyanda za Juu Kusini. Kesi hii tuliishinda, na kwa muda mrefu imekuwa ikitajwa miongoni mwetu kama mfano wa kazi nzuri. Kuna sehemu ambayo kweli ilikuwa kazi nzuri, nami nitaieleza. Hata hivyo, mtandao uliokusanya, uliofadhili na uliokuwa ukiupokea mzigo ule haukuguswa, na sababu kubwa ni kwamba tuliyaona magamba kuwa ndiyo kesi, tukaviacha vitu vilivyoyazunguka.

Mazingira

Bonde la Usangu ni nchi ya mpunga. Baada ya mavuno, barabara za vumbi zinazotoka mashambani kuja Ubaruku, Igurusi na Chimala hujaa magari ya mizigo, na mashine za kukoboa hufanya kazi mpaka usiku wa manane. Mchele hupanda barabara kuu, ukapita Uyole, Mbeya, Mbalizi na Vwawa hadi Tunduma, ambako sehemu yake huvuka kwenda Zambia na hata Kongo. Pumba nazo zina soko lake, kwa kuwa wafugaji wa nguruwe na kuku huzinunua kwa magunia. Gari lililobeba pumba halimshangazi mtu, na wakaguzi wachache wako tayari kuingiza mkono ndani ya gunia linalowasha na kujaza vumbi puani.

Upande wa pili wa bonde hilohilo iko Hifadhi ya Taifa Ruaha, ambayo mwaka 2008 iliunganishwa na lililokuwa Pori la Akiba Usangu. Wengi wetu tulijifunza kazi hii katika miaka ya ujangili mkubwa wa tembo, wakati idadi ya tembo nchini iliposhuka kutoka zaidi ya 100,000 mwaka 2009 hadi takribani 43,000 mwaka 2014. Macho yetu yalizoea kutafuta pembe. Kakakuona hakuwa akitazamwa kwa uzito uleule, ingawa aina zote nane za mnyama huyo ziliingizwa katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa uamuzi uliofanyika Johannesburg mwaka 2016, na biashara yake ya kimataifa ikawa imefungwa.

Inafaa pia kueleza kwamba Usangu si mahali ambapo kakakuona alikuwa mnyama wa kuuzwa. Kwa wazee wa huko ni mnyama wa tambiko. Anayemkuta humpeleka kwa wazee, na mwenendo wake mbele ya watu husomwa kama habari ya mwaka unaokuja. Katika kusikiliza mashahidi wa kisa hiki, nilimsikia mzee mmoja akisema kwa uchungu kwamba siku hizi kijana akimkuta kakakuona hupiga simu kwanza. Anayepigiwa simu hiyo ndiye tuliyepaswa kumtafuta.

Dokezo la kwanza

Taarifa ilianzia kwa mbeba mizigo katika mashine moja ya kukoboa mpunga. Aliona mambo mawili. La kwanza, magunia mawili kati ya yale ya pumba aliyoambiwa ayapange pembeni yalikuwa yameshonwa midomo kwa uzi wa bluu, ilhali mashine ile hutumia uzi mweupe tu. La pili, gunia la pumba ni jepesi na mtu mmoja hulitupa begani bila taabu, lakini hayo mawili yalikuwa mazito upande wa chini na yalitoa sauti kama ya kokoto zinazosuguana. Dalali aliyeyaleta alimkataza asiyasogeze.

Mbeba mizigo huyo alimweleza askari wa wanyamapori wa kijiji, ambaye ni jirani yake. Askari aliandika maelezo mafupi kwenye daftari lake na kupeleka habari kwa simu. Kufikia ngazi ya kamanda wa kikosi, taarifa ilikuwa imefupishwa kuwa: magunia mawili mazito, yanadhaniwa kuwa na nyara, gari litaondoka usiku. Uzi haukutajwa tena.

Kamanda alikuwa na njia tatu. Angeweza kuvamia mashine mara moja. Angeweza kuliacha gari litembee na kulizuia njiani. Au angeweza kuuacha mzigo uvuke mpaka chini ya uangalizi, ili wenzetu wa Zambia wamkamate anayeupokea. Njia ya kwanza aliikataa kwa hoja sahihi, kwamba magunia yakiwa stoo pamoja na mali za watu wengi kila mmoja angeyakana. Njia ya tatu ndiyo pekee ingeweza kufika kwa mwenye fedha, lakini inahitaji makubaliano ya pande mbili, ruhusa za maandishi na watu waliokwisha kujipanga ng'ambo, na yeye alikuwa na saa zisizozidi sita. Aliogopa, na kwa haki, kwamba mzigo ungepotelea katika msongamano wa Tunduma na Nakonde, ambako mji mmoja unaingia ndani ya mwingine na njia za panya ni nyingi. Akachagua kulizuia gari njiani.

Uamuzi wake siuoni kuwa kosa. Lililokosekana lilikuwa ni utaratibu wowote uliokwisha kuandaliwa na ofisi za pande zote mbili kabla ya usiku ule.

Usiku wa ukamataji

Gari lilifika kwenye kituo cha ukaguzi baada ya saa saba usiku. Ndani walikuwamo dereva, utingo na abiria mmoja aliyejitambulisha kuwa mfanyabiashara wa mchele aliyeomba lifti. Askari waliteremsha magunia ya juu, wakayafikia yale mawili, na kulifungua la kwanza. Chini ya pumba za kiasi cha viganja vinne yalikuwamo magamba makavu: ya rangi ya kahawia iliyofifia, yenye mistari myembamba kuanzia shinani hadi ncha, mengine makubwa kuliko ukucha wa dole gumba la mtu mzima, na machache yakiwa bado na kipande cha ngozi kilichokauka. Magunia yote mawili yalitoa zaidi ya kilo 40 za magamba. Kiasi hicho hakikusanywi na mwindaji mmoja kwa wiki moja. Ni kazi ya mikono mingi, katika maeneo mengi, kwa miezi.

Nyuma ya kiti cha dereva kulikuwa na kiroba cha salfeti kilichofungwa kamba. Ndani yake alikuwamo kakakuona mzima, amejiviringisha kama mpira, akipumua kwa shida.

Hapo kiongozi wa doria alifanya jambo ambalo baadaye liliibeba kesi. Upekuzi ulikuwa wa dharura, usiku, bila hati ya mahakama. Hakutaka kutegemea askari peke yao. Alituma mtu amwamshe mwenyekiti wa kitongoji, akamwomba pia mama lishe ambaye banda lake liko hatua chache kutoka kizuizini na ambaye alikuwa bado macho akiwahudumia madereva, awe shahidi huru. Wote wawili walisimama karibu wakati gunia la pili likifunguliwa, na wote walisaini hati ya ukamataji mali pamoja na washtakiwa. Hati ilijazwa kwa mwanga wa tochi juu ya boneti ya gari, ikaonyesha kila kitu kwa idadi na alama. Kuwasubiri mashahidi hao kulichukua karibu saa moja, na nimewasikia askari wakiilaumu saa hiyo. Mahakamani mama lishe yule aliulizwa maswali na wakili wa utetezi kwa muda mrefu, naye hakuyumba hata kidogo, kwa sababu aliyoyasema aliyaona.

Kosa la usiku ule lilikuwa dogo kwa sura. Ili kupima uzito, askari waliyamimina magamba katika mifuko mipya iliyo safi, wakaifunga kwa lakiri. Magunia ya awali, pamoja na pumba na ule uzi wa bluu, yaliachwa pembeni mwa banda la kituo. Kulipopambazuka, mfugaji mmoja wa jirani aliomba zile pumba kwa ajili ya nguruwe wake, akapewa. Akaondoka na magunia.

Kakakuona mbele ya hakimu

Nilipofika asubuhi, mjadala mkali ulikuwa juu ya kakakuona aliye hai. Mnyama huyu hana meno, hula sisimizi na mchwa, na akifungiwa hudhoofika upesi kwa kiu, njaa na hofu. Askari wawili waliomtunza usiku walitaka arudishwe porini saa ileile, na huruma yao ilikuwa ya kweli. Mmoja wao alikuwa amemfunika kwa koti lake. Wengine walisema abaki kituoni kama kielelezo mpaka kesi isikilizwe, jambo ambalo lingekuwa sawa na kumuua.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamhesabu mnyama kuwa nyara awe hai au amekufa, kwa hiyo alikuwa kielelezo kama magamba yalivyokuwa kielelezo. Kwa kielelezo kisichoweza kutunzwa, njia ipo. Mahakama ya Rufani, ikiketi Mtwara mwaka 2019, ilieleza kwamba agizo la kuteketeza kielelezo kinachoharibika halina nguvu dhidi ya mshtakiwa ambaye hakupelekwa mbele ya hakimu na kusikilizwa kabla ya agizo kutolewa. Kesi kadhaa za nyama ya porini zimeanguka kwa sababu polisi walikwenda kwa hakimu na fomu peke yake, mshtakiwa akiwa mahabusu.

Tukakubaliana kwenda na mnyama, washtakiwa wote watatu, mpigapicha na mtaalamu wa wanyamapori. Kakakuona alipigwa picha akiwa amejiviringisha na akiwa amejikunjua, akapimwa, na alama kwenye magamba ya mkia wake zikaelezwa kwa maandishi. Hakimu alimuuliza kila mshtakiwa, mmoja baada ya mwingine, kama ana la kusema kuhusu mnyama huyo kabla hajaagiza aachiwe. Dereva alisema hakujua kilichomo kirobani. Utingo alisema hana la kusema. Abiria alidai kiroba si chake. Majibu yao yaliandikwa kama yalivyotamkwa, agizo likatolewa, na kabla ya jua kuzama kakakuona alikuwa amefikishwa eneo la hifadhi lenye vichuguu. Alikaa bila kujikunjua kwa muda mrefu. Kisha alinyosha pua, akasimama kwa miguu ya nyuma kama wafanyavyo, akaingia kwenye majani.

Shughuli nzima ilichukua saa tisa. Katika kesi yote hii, hizo ndizo saa tulizozitumia vizuri kuliko nyingine.

Simu nne

Washtakiwa walikutwa na simu nne. Usiku uleule, kabla hazijaorodheshwa, askari mmoja mwenye bidii alichukua simu ya dereva, akaipigia namba ya mwisho iliyoonekana na kujifanya ndiye dereva. Akasema mzigo umekwama. Sauti upande wa pili ilinyamaza, kisha ikajibu neno moja: "Subiri." Baada ya hapo namba ile haikupatikana tena, na siku mbili baadaye namba nyingine tatu zilizokuwa zikiwasiliana na dereva nazo zilizimwa.

Lengo la askari yule lilikuwa kumnasa mwenye mzigo. Alichokifanya kilikuwa kumpigia kengele. Zaidi ya hapo, mawakili wa utetezi walipouliza simu ilifunguliwa na nani, saa ngapi, na kwa idhini ipi, hatukuwa na jibu la maandishi. Simu haikuwa imezimwa mawasiliano wala kuwekwa ndani ya mfuko unaozuia mawimbi. Kumbukumbu za mazungumzo zilizokuwamo zilifutwa kutoka mbali na mtu ambaye hatukumfahamu. Mahakama iliyakataa yaliyotolewa ndani ya simu hiyo, na kwa haki.

Tuligeukia kumbukumbu za makampuni ya simu na miamala. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulitazamiwa kumaliza tatizo la laini zisizo na mwenyewe, na umesaidia sana. Lakini namba iliyosema "Subiri" ilikuwa imesajiliwa kwa jina la bibi mmoja wa kijijini asiyejua hata kwamba ana laini ya pili. Muuza laini aliyepita kijijini kwao alimwambia kidole cha kwanza hakikusoma vizuri, aweke tena. Akaweka tena.

Miamala ilionyesha jambo muhimu zaidi. Katika wiki sita kabla ya ukamataji, dereva alipokea fedha mara tano, na zote zilitoka kwa wakala mmoja wa Tunduma. Mtumaji hakutumia simu yake mwenyewe. Alikwenda na fedha taslimu dirishani na kumwambia wakala aziweke moja kwa moja kwenye namba ya mpokeaji. Kwenye mfumo mtumaji anaonekana kuwa ni wakala. Mahali pekee ambapo jina au sura ya mtu huyo ingeweza kupatikana ni katika kumbukumbu ya wakala mwenyewe na daftari lake, lile daftari la shule ambalo mawakala wengi huandika kila muamala kwa kalamu.

Wapelelezi walimfikia wakala wiki kumi na moja baada ya ukamataji, kwa kuwa ombi la taarifa za miamala lilipelekwa likiwa na kasoro ya namba ya kesi na kurudishwa mara mbili. Alikuwa mkweli na mwenye kushirikiana. Alisema daftari la kipindi hicho lilijaa na karatasi zake alikwisha zitumia. Alikumbuka kwamba anayeleta fedha alikuwa mtu aliyezungumza Kiswahili cha nyumbani na ambaye mara moja alitaka kulipa kwa kwacha, fedha ya Zambia. Hatukupata zaidi ya hapo.

Ng'ambo ya mpaka

Siku ya tatu, mmoja wa askari wetu aliwatumia picha za magamba wenzake wa Zambia aliokuwa amesoma nao kozi fupi. Jibu lilirudi ndani ya saa moja: picha ya magunia ya pumba yaliyokamatwa upande wao miezi mitatu kabla, yakiwa yameachwa na wabebaji waliokimbia. Midomo ya magunia yale ilikuwa imeshonwa kwa uzi wa bluu.

Kwa mara ya kwanza tulitambua tulichokuwa tumempa mfugaji wa nguruwe. Askari walimtafuta siku hiyohiyo. Magunia alikuwa ameyafua na kuyauza, na uzi alikuwa ameukata na kuutupa.

Ushirikiano wa askari kwa askari ni wa haraka na ni wa thamani, na Tanzania na Zambia zina msingi wake wa muda mrefu, ukiwamo Mkataba wa Lusaka wa mwaka 1994 unaohusu hasa biashara haramu ya wanyama na mimea ya porini. Lakini picha iliyotumwa kwa simu baina ya marafiki haiingii mahakamani. Ili ushahidi wa nchi nyingine utumike, ombi rasmi hupita kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali chini ya sheria ya kusaidiana katika makosa ya jinai, na upande wa pili nao una njia yake. Ombi letu liliandaliwa tulipokuwa tumekwisha kuanza kusikiliza mashahidi. Majibu yalikuja baada ya hukumu.

Mahakamani

Mashtaka yalifunguliwa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ikisomwa pamoja na Sheria ya Kudhibiti Uhujumu Uchumi na Uhalifu wa Kupangwa. Ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka na hati ya kuipa mahakama ya chini mamlaka zilihakikiwa neno kwa neno kabla ya kuwasilishwa, kwa sababu Mahakama ya Rufani imekwisha kufuta hukumu nzito kutokana na kifungu kimoja kilichotajwa vibaya katika hati hizo. Dereva alipatikana na hatia na kuhukumiwa kifungo cha miaka 20, ambacho ndicho cha chini kwa kosa lile. Utingo aliachiwa kwa kuwa hakukuwa na ushahidi kwamba alijua. Abiria alipatikana na hatia kutokana na maelezo ya mwenyekiti wa kitongoji, aliyemsikia akimwambia dereva asitaje mashine.

Dalali aliyeyaleta magunia mashineni alihojiwa na kuachiwa. Kilichokuwa kikimuunganisha na mzigo ni simu iliyokataliwa, magunia yaliyopotea, na neno la mbeba mizigo ambaye hatukuweza kumsimamisha kizimbani bila kuyahatarisha maisha yake. Hadi faili linafungwa hakuwa ameshtakiwa.

Kwa nini tuliishia kwa dereva

Kipimo tulichojiwekea tangu mwanzo kilikuwa hatia kwa waliokamatwa na nyara. Kipimo hicho kinaelekeza macho ya kila mtu kwenye kitu kimoja, na ndiyo maana magamba yalitunzwa kama yai: yalihesabiwa, yakathaminishwa, yakapita mkono kwa mkono kwa hati za makabidhiano ambazo utetezi haukupata pa kuzipasua. Lakini magamba hayasemi nani aliyanunua. Yanasema tu kwamba kakakuona wamekufa. Gunia, uzi, simu na daftari la wakala ndivyo vilivyosema kuhusu watu, na vyote vinne vilipotea mikononi mwetu au tukichelewa kwa sababu zetu wenyewe.

Linganisha na shauri la Yang Fenglan, raia wa China aliyehukumiwa miaka 15 katika mahakama ya Kisutu mwaka 2019 pamoja na Watanzania wawili. Pembe zilizotajwa katika shauri lile zilikuwa zimefanyiwa biashara kati ya mwaka 2000 na 2014, na mashtaka yalijumuisha kuongoza genge la uhalifu. Upelelezi uliwatazama watu na mahusiano yao kwa miaka mingi. Malawi nako, katika shauri la Lin Yun Hua, kiongozi wa genge la biashara haramu ya wanyamapori aliyehukumiwa miaka 14 mwaka 2021, utakatishaji fedha ulikuwa miongoni mwa makosa yaliyothibitishwa. Katika kisa chetu, hakuna aliyefungua jalada la fedha. Muamala ulitumika kumtia hatiani dereva, na hapo ukaachwa, ingawa mara tano za malipo zilionyesha kwamba kulikuwa na safari nyingine nne ambazo hatukuzikamata, au angalau malipo ambayo hayakuwa ya safari ile.

Kuna hoja kwamba rasilimali ni chache, na kwamba kikosi chenye gari moja hakiwezi kufuatilia wakala wa Tunduma na bibi wa kijijini kwa wakati mmoja. Hoja hiyo naiheshimu, kwa sababu nimewaona askari wakichangishana fedha za mafuta. Lakini kuandika ombi la miamala lenye namba sahihi ya kesi hakuhitaji gari. Kuifunga simu bila kuigusa ni kazi ndogo kuliko kuipiga. Kuliweka gunia tupu ndani ya mfuko wa vielelezo ni kazi ya dakika moja.

Napenda pia kusema jambo kuhusu adhabu. Dereva anatumikia miaka 20, na familia yake niliiona koridoni siku ya hukumu. Sina shaka na hatia yake. Ila mtandao uliompa kazi ulimpoteza yeye kama mtu anavyopoteza gurudumu: anabadilisha, anaendelea. Kila mara tunapofunga faili kwa kumfunga mbebaji peke yake, gharama yote ya biashara hii tunaiweka kwa mtu anayelipwa kidogo kuliko wote ndani yake.

Tangu kisa hiki, ofisi ninazofanya nazo kazi zimebadili mambo matatu. Vifungashio vyote, hata kamba, huorodheshwa kwenye hati ya ukamataji. Simu hufungwa papo hapo na haifunguliwi ila na mtaalamu aliyeandikwa jina. Na barua ya kuomba msaada wa nchi jirani huanza kuandaliwa wiki ya kwanza, hata kama bado hatujui tutaomba nini hasa.

Mbeba mizigo

Mtoa taarifa hakutajwa mahakamani. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 ilitumika kulificha jina lake, na katika karatasi hakuna mahali lilipovuja. Lakini mashine ya kukoboa ni mahali padogo. Watu walihesabu ni nani alikuwa zamu, nani aliyapanga yale magunia, na nani ana jirani askari. Ndani ya mwezi mmoja hakuitwa tena kubeba, na hakuna ofisi iliyokuwa na mpango wowote kwa ajili ya mtu ambaye hakutishiwa kwa panga bali aliachwa tu bila kazi. Sasa anafyatua matofali katika wilaya nyingine.

Nilimtembelea baada ya hukumu ili kumshukuru, na kwa kuwa nilidhani ana haki ya kujua, nikamsimulia habari ya picha iliyotoka Zambia. Alisimamisha kazi, akafuta udongo mikononi. Akasema, "Mheshimiwa, mimi yule askari nilimwambia habari ya uzi kabla ya habari ya uzito." Nilirudi nikaliomba lile daftari la askari wa kijiji. Ukurasa ulikuwepo, mwandiko wa haraka, kwa kalamu ya risasi. Mstari wa kwanza ulisema: magunia mawili, uzi wa bluu.